Hoja za Jukwaani: Mwanafunzi Mwenye Ulemavu Chuoni, Ahadi Tano Tunazosikia na Maswali ya Kuuliza

Uzi.

Jumamosi iliyopita nilizungumza na wanafunzi wa vyuo katika ukumbi mmoja hapa Nakuru. Waliokuwa wakisikiliza kwa simu walilalamika kwamba sauti ilikuwa inakatika, na wenzetu viziwi wakaniuliza swali la haki: wewe unaongea mambo ya ulemavu, mkalimani wetu yuko wapi? Mkalimani alikuwa ukumbini lakini kamera haikumwonyesha. Kosa hilo ni letu. Kwa hivyo nimeandika hotuba yote hapa, karibu vile nilivyoisema.

Kanuni za uzi huu mnazijua. Hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunachukua hoja inayorushwa jukwaani, tunaipima. Ukianza kutaja majina kule chini, jibu lako nitalificha hata kama nakubaliana nawe.

1. Kubebwa

Hamjambo wenzangu, na asanteni kwa kuja. Naona leo nimepata mlango mpana na meza iko chini, kwa hivyo tumeanza vizuri.

Nitaanza na kubebwa. Natumia kiti cha magurudumu tangu nikiwa na miaka 9. Nilipopata nafasi ya chuo kikuu, kijiji kizima kilijua. Mama alinunua sanduku jipya la chuma. Siku ya kwanza ya masomo nikafika kwenye jengo la orofa nne, darasa liko orofa ya tatu, saa mbili asubuhi. Lifti ilikuwepo. Ilikuwa imebandikwa karatasi, "imeharibika", na wino ulikuwa umeshafifia. Ukiona karatasi ya aina hiyo na wino umefifia, jua hilo si tangazo tena, hiyo ni sera.

Vijana wanne wa darasa langu wakanibeba, mimi na kiti changu, ngazi kwa ngazi. Tulipoingia watu wakapiga makofi. Mhadhiri akasema, "Huu ndio utu." Nami nikatabasamu. Ungefanya nini? Ikawa hivyo muhula mzima. Siku moja mmoja wao aliteleza, yeye akaumia kifundo cha mguu, mimi bega. Kesho yake tukaendelea.

2. Mtihani

Mwisho wa muhula, usiku wa kuamkia mtihani, ujumbe ukaingia kwenye grupu ya darasa: mtihani umehamishwa kutoka ukumbi wa chini hadi orofa ya tatu. Asubuhi nikafika. Wale vijana wanne walikuwa wanafanya mtihani ule ule, wameshaingia, simu zimezimwa na mifuko imeachwa nje. Nikakaa chini ya ngazi. Akaja bawabu. Akaenda kumtafuta mwenzake, akarudi na mtu wa jikoni. Hao ndio walionibeba. Nilipofika juu, dakika 50 za karatasi ya saa mbili zilikuwa zimeenda. Msimamizi akaniambia muda ni muda. Sikumlaumu sana, maana hata yeye alikuwa na maagizo yasiyosema lolote kuhusu mtu kama mimi.

Nilianguka somo lile. Halikufundishwa tena hadi mwaka uliofuata. Wenzangu walipovaa joho, mimi nilikuwa natazama nikiwa kwenye hema la wageni, kando ya mama. Mama hakuuliza kitu. Alikuwa amebeba soda mbili, akanipa moja.

Sasa sikieni vizuri. Wale vijana wanne walikuwa watu wema, na tunapigiana simu mpaka leo. Lakini elimu yangu ilikuwa imeshikiliwa na wema wa watu wanne. Siku wema ulipokuwa na mtihani wake, mimi sikuwa na chuo.

3. Hii inahusu nini siasa?

Inahusu sana. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na mnajua vile msimu ukifika viti vya magurudumu huanza kutembea kuliko watu. Vinashushwa kwenye lori, vinapangwa mstari, mheshimiwa anasimama nyuma ya mmoja, kamera inalia, watu wanashangilia.

Kiti ni kizuri. Mimi mwenyewe niliwahi kupokea cha aina hiyo na nilikitumia mpaka mpira wa gurudumu ukaisha. Lakini kiti bila mlango ni fanicha. Na zawadi ina shida moja: aliyekupa leo anaweza kukunyima kesho, na huwezi kumshtaki. Haki unaweza kuidai hata kwa mtu asiyekupenda.

Kwa hivyo leo nitachukua hoja tano ambazo utazisikia jukwaani kuhusu wanafunzi wenye ulemavu, tuzipime moja moja.

4. Hoja ya kwanza: "Hao ni wachache"

Hii haisemwi kwenye mikutano ya hadhara. Inasemwa kwenye kamati, wakati wa kugawa pesa. "Kwa wanafunzi elfu kadhaa, wenye viti ni wangapi? Watatu?"

Sensa ya 2019 ilipata kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka 5 na zaidi wana ulemavu, karibu watu 900,000. Sensa ya 2009 ilikuwa imesema asilimia 3.5, watu milioni 1.3. Je, ulemavu ulipungua Kenya kwa miaka kumi? La. Maswali yalibadilika. 2019 watu waliulizwa kiasi gani wanapata ugumu wa kuona, kusikia, kutembea na kadhalika, na watoto wa chini ya miaka 5 hawakuhesabiwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani ana ulemavu wa kiwango kikubwa. Kwa hivyo mtu akikurushia namba, muulize kwanza ilihesabiwa vipi.

Halafu kuna ulemavu usioonekana kwa macho. Mwanafunzi mwenye kifafa aliyepewa kitanda cha juu cha deka. Mwenye ualbino anayekaa nyuma ya ukumbi wa watu 300 na haoni ubao. Mwenye usonji, mwenye matatizo ya afya ya akili, mwenye sikio moja. Hawa wengi hawajaandikisha popote kwa sababu wakijitangaza wanaogopa kuonewa huruma au kuchekwa. Chuo kikisema "hatuna", mara nyingi maana yake ni "hatujauliza".

Na wengine hawamo kwa sababu hawakuweza kuingia. Ukijenga daraja lenye ngazi pande zote mbili, kisha uhesabu baiskeli zinazopita, utasema kijiji hiki hakina baiskeli.

5. Hoja ya pili: "Pesa hakuna, tutafanya polepole"

Hii ndiyo hoja kubwa, na ndiyo inayowamaliza watu wengi kwa sababu inasikika kama ya ukweli. Nchi ina madeni, vyuo vina madeni, wahadhiri wanagoma. Nani atabishana?

Fungua Katiba ya 2010, kifungu cha 54. Kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, kufikia taasisi za elimu, kufikia mahali pote kwa njia inayofaa, usafiri wa umma na habari, kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine ifaayo, na kupata vifaa vya kumsaidia. Hayo yote yako katika sehemu ya kwanza. Maneno ya "hatua kwa hatua" yako katika sehemu ya pili, ile ya asilimia tano ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa. Kwa hivyo mtu akikwambia mlango wa maktaba pia ni wa hatua kwa hatua, mwambie akasome tena.

Halafu rudi nyuma mpaka kifungu cha 20, sehemu ya tano. Hiki wanasheria wanakipenda na wanasiasa hawakitaji. Pale mwananchi anapodai haki za kijamii kama elimu chini ya kifungu cha 43, na Serikali ikasema haina rasilimali, ni jukumu la Serikali kuonyesha kwamba kweli hazipo. Si wewe wa kuthibitisha kwamba zipo. Wao ndio wa kufungua vitabu.

Kwa hivyo "pesa hakuna" haipaswi kufunga mjadala. Inapaswa kuufungua. Tuonyeshe. Uliomba ngapi? Ulipewa ngapi? Ulitumia ngapi kwa zulia la ofisi?

6. Mengine hayahitaji pesa

Niwape mifano.

Mhadhiri anaandika noti kwa mkono, anazipiga picha, anazituma kwa grupu. Mwanafunzi asiyeona anatumia programu inayosoma skrini kwa sauti. Ile programu ikifika kwenye picha, haioni maandishi, inanyamaza. Mhadhiri huyo akizichapa noti zile zile na kuzituma kama maandishi, mwanafunzi anasoma siku hiyo hiyo. Programu nzuri kama NVDA ni ya bure kwenye kompyuta, na simu nyingi za kawaida zinakuja na sauti ya kusoma skrini ndani yake. Gharama hapo ni tabia tu.

Kuhamisha darasa kutoka orofa ya tatu hadi ya chini ni kazi ya kalamu na ratiba. Kumpa mwenye kifafa kitanda cha chini ni kazi ya dakika moja. Mhadhiri kutazama mbele anapoongea, ili asiyesikia vizuri asome midomo, ni bure.

Kuna suala la vitabu pia. Kitabu kimoja cha chuo kikigeuzwa kuwa Breli kinakuwa majuzuu kadhaa mazito. Ndiyo maana nakala za kielektroniki ni muhimu sana. Kulikuwa na kizuizi cha hakimiliki, lakini Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017. Mkataba huo unaruhusu vitabu kutengenezwa kwa namna ambayo wasioona wanaweza kuvisoma, bila kuomba ruhusa kwa kila mchapishaji. Maktaba ngapi za vyuo vyetu zinaitumia nafasi hiyo? Waulizeni wakutubi wenu.

Na linganisha na shule ya upili. Kwenye KCSE, Baraza la Mitihani linatoa karatasi za Breli na muda wa ziada kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu. Mtoto anapita, anaingia chuo, na ghafla muda wa ziada inabidi auombe kwa mhadhiri mmoja mmoja, kama mtu anayeomba lifti barabarani. Wengine wanampa, wengine wanamwambia asitafute upendeleo. Chuo kikiandika kanuni moja ya mitihani, ukurasa mmoja tu, ombaomba hiyo inaisha.

7. Hoja ya tatu: "Tutawajengea chuo chao"

Hii hupigiwa makofi sana. Inasikika kama zawadi kubwa.

Tuwe waangalifu hapa kwa sababu ina pande mbili. Kenya ina taasisi za kiufundi zilizoanzishwa kwa ajili ya wenye ulemavu: ile ya wasioona kule Machakos, ya viziwi kule Karen, Sikri kule Homa Bay na Nyang'oma kule Siaya. Zimefanya kazi kubwa. Kwa kiziwi hasa, kuwa mahali ambapo kila mtu anaongea lugha ya ishara si kutengwa, ni kupumua. Anayetaka kwenda huko aende, na taasisi hizo zipewe pesa za kutosha.

Lakini ikiwa asiyeona anataka kusomea sheria, au kiziwi anataka uhandisi, au mimi nataka uchumi, je, mtajenga chuo cha sheria cha wasioona na chuo cha uchumi cha viti vya magurudumu? Haiwezekani. Kinachowezekana ni kufungua vile vilivyopo. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu chake cha 24 kinazungumzia elimu ya juu ya kawaida, ile ile ya watu wote, pamoja na marekebisho yanayohitajika ili mtu asome kama wengine.

Mara nyingi "chuo chao" ni njia ya adabu ya kusema "si chuo changu".

8. Hoja ya nne: "Rampu tumeshaweka"

Tuongee hesabu kidogo. Msiogope.

Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12. Yaani kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja ni sentimita 45. Zidisha kwa 12, unapata mita 5 na sentimita 40. Sasa nenda pale chuoni kwenu upime ile rampu. Nyingi utakuta ni mita mbili. Hiyo si rampu, hiyo ni bembea ya watoto. Ukipanda peke yako unarudi kinyumenyume. Ukishuka, Mungu ndiye breki.

Nimeona pia rampu nzuri kabisa inayoishia kwenye mlango uliofungwa kwa kufuli, na mwenye ufunguo yuko likizo. Nimeona choo kilichoandikwa alama ya kiti cha magurudumu, ndani kumewekwa ndoo, fagio na rangi iliyobaki. Nimeona lifti iliyozinduliwa kwa utepe na haina pesa za matengenezo.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka mitano ya kuyarekebisha, kuanzia siku sehemu hiyo ilipoanza kutumika. Hesabu mwenyewe miaka imepita mingapi. Mwaka 2025 tukapata sheria mpya iliyochukua nafasi ya ile. Ni hatua nzuri, lakini sheria mpya haisukumi kiti. Inasukumwa na mkaguzi anayekuja na futi, na adhabu kwa anayepuuza.

Kwa hivyo mgombea akikwambia "tumeshaweka rampu", muombe urefu. Usimuombe picha.

9. Hoja ya tano: "Wakishaingia wanasaidiwa na wenzao"

Hapa nataka tukae kidogo, maana tunaongea sana kuhusu kuingia na kidogo sana kuhusu kuwa salama.

Aprili 2015, siku kumi tu baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, kulikuwa na mlipuko wa umeme alfajiri katika kampasi moja ya Kikuyu. Wanafunzi walidhani ni shambulio. Wakakimbia, wengine wakaruka kutoka orofa za juu. Mwanafunzi mmoja akafariki na zaidi ya mia moja wakajeruhiwa. Hao walikuwa watu wenye miguu na masikio. Sasa muweke hapo kiziwi aliyelala, ambaye hajasikia kelele na anaamka chumba kikiwa tupu. Muweke asiyeona ambaye njia yake ya kila siku imejaa watu wanaosukumana. Niweke mimi orofa ya pili, ambapo moto ukizuka kitu cha kwanza tunachoambiwa ni tusitumie lifti.

"Wenzao watawasaidia." Kwenye hofu hakuna mwenzako. Sisemi hivyo kwa uchungu, nasema kwa sababu ndivyo binadamu alivyo. Ndiyo maana mpango unaandikwa kabla. Vyumba vya chini kwa wanaohitaji. Taa zinazowaka na kuzima pamoja na king'ora, ili asiyesikia aone. Orodha kwa msimamizi wa hosteli ya nani anahitaji kutolewa na nani atamtoa. Mazoezi ya kutoka ambayo sisi pia tunashiriki; wakati wa mazoezi nimewahi kuambiwa, "wewe kaa tu hapo pembeni, hii haikuhusu." Moto wenyewe ukija utanipita pembeni pia?

10. Usalama usiozungumzwa

Kuna jambo lingine, na wasichana walio hapa wanalijua. Mwanafunzi anayetegemea mtu kumsomea noti, kumsukuma, kumwongoza usiku kutoka maktaba, yuko mikononi mwa mtu huyo. Wengi ni watu wazuri. Lakini akitokea mmoja anayedai malipo ya aina nyingine, huyu dada ataripoti wapi? Ofisi iko orofa ya pili. Fomu ni ya karatasi. Kama ni kiziwi, hakuna mkalimani, kwa hivyo inabidi aeleze unyanyasaji wake kupitia rafiki au, mbaya zaidi, kupitia yule yule aliyemnyanyasa.

Chuo kikilipia wasomaji na wakalimani, kikawaandikisha na kuwa na mahali pa kuwashtaki, huyo dada hategemei tena hisani ya mtu mmoja.

11. Sasa, ni kazi ya nani?

Hapa ndipo wapiga kura tunapotezwa kila mara. Sikilizeni ugavi wa kazi.

Vyuo vikuu na taasisi za kiufundi ni kazi ya Serikali ya kitaifa. Gavana akikuahidi kurekebisha chuo kikuu, mshukuru kwa moyo mzuri, kisha muulize kuhusu kazi yake. Kazi yake ni ipi? Jedwali la Nne la Katiba limewapa kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Na kaunti ndizo zinazoidhinisha ramani za majengo. Zile hosteli za kibinafsi nje ya lango, zenye ngazi nyembamba na maji ya kubeba kutoka chini, zilipitishwa na ofisi ya kaunti. Mwakilishi wadi wako anaweza kuuliza kwa nini.

Mbunge naye? Anapitisha bajeti ya kitaifa. Na kama eneo bunge lenu limejenga taasisi ya kiufundi kwa pesa za NG-CDF, sheria ya 2015 inataka kamati ya hazina hiyo iwe na mtu mwenye ulemavu. Muulizeni ni nani, na aliketi kwenye mkutano upi ramani ilipopitishwa. (Kesi za kupinga hazina hiyo ni uzi wa siku nyingine, msinianzie hapo chini.)

Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ndiyo inayokagua vyuo vikuu na kuvipa idhini. Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu linasaidia kwa karo na vifaa. Bodi ya Mikopo inatoa mikopo. Na tangu mfumo wa ufadhili wa 2023, mwanafunzi anapangwa kulingana na uwezo wa familia yake. Swali langu kwa wote hao ni moja: mnapopima uwezo wa familia, mnahesabu gharama ya ulemavu wenyewe? Betri za kifaa cha kusikia, mafuta ya ngozi ya mwenye ualbino, mrija wa mkojo wa aliyeumia uti wa mgongo, nauli ya mtu anayekusindikiza. Familia mbili zenye mshahara sawa haziko sawa ikiwa moja inalipa matatu ya watu wawili kila siku.

12. Maswali ya kubeba mfukoni

Mgombea yeyote, wa kiti chochote, akitaja "ndugu zetu walemavu", nyanyua mkono uulize:

Kwanza, ni pesa ngapi, na ziko kwenye mstari gani wa bajeti?

Pili, ni chuo gani, jengo gani?

Tatu, kufikia tarehe gani?

Nne, ni ofisi gani itawajibika ikishindwa?

Tano, mwanafunzi mwenye ulemavu alikuwa kwenye kikao mlipoamua?

Akijibu mawili, huyo amefanya kazi ya nyumbani. Akijibu kwa kutangaza viti 50, mpigie makofi ya viti, halafu rudia swali.

Na usingoje kampeni. Makadirio ya bajeti ya kitaifa lazima yafike Bunge la Taifa angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kuisha, yaani kufikia mwisho wa Aprili, na kamati inatakiwa kusikiliza maoni ya umma. Andika barua, hata ya ukurasa mmoja. Pia, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, unaweza kuandikia chuo cha umma kuuliza kimetumia nini kwa ufikivu, nao wanatakiwa kukupa uamuzi ndani ya siku 21. Wakikaa kimya, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua kama hizo zimenisaidia kuliko hotuba.

13. Namalizia

Miaka michache iliyopita nilirudi kwenye lile jengo. Lifti inafanya kazi. Haikutengenezwa na huruma yangu wala ya wale vijana wanne. Wanafunzi waliokuja nyuma yangu waliandika barua, wakaandika nyingine, wakaenda mpaka kwenye kamati na hesabu yao mkononi. Nilipanda mpaka orofa ya tatu peke yangu. Ilichukua chini ya dakika moja. Nilikaa pale mlangoni nikatazama ndani. Kulikuwa na msichana mwenye kiti kama changu, mstari wa mbele, anachezea simu wakati mhadhiri anaongea.

Nilifurahi sana. Hakuna aliyempigia makofi alipoingia. Alikuwa mwanafunzi tu, hata wa kutosikiliza.

Asanteni.

Mwisho wa uzi. Chini hapa andika mambo matatu kuhusu chuo chako: mlango, choo, king'ora. Jina la mtu usitaje. Picha ya yale maswali matano nimeiwekea maelezo ya maandishi kwa wanaotumia kisoma skrini. Ukiisambaza, yaache hapo.